UZI: Bondia bora wa uzito wa juu akiwa kwenye kilele chake. Tupime kwa vigezo, si kwa mapenzi

#1 Kengele_ya_Kaloleni
Wakuu wa Arusha na Moshi, habari za jioni.

Ubishi wa Ali na Tyson kwenye vijiwe vya kahawa hauishi kwa sababu kila mtu anajibu swali lake. Mmoja anazungumzia nani angempiga nani. Mwingine anazungumzia nani ana heshima kubwa zaidi kwenye historia ya ngumi. Hayo ni maswali mawili, na bondia anaweza kushinda la kwanza akashindwa la pili.

Mbio zina saa. Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa 3:32.2 pale Christchurch mwaka 1974. Leo unaiweka namba hiyo mezani pamoja na 3:26.00 ya El Guerrouj, na habari ya kasi imeisha. Ngumi hazina saa. Saa ya bondia ni mpinzani wake, na mpinzani naye huzeeka, huumwa, hunenepa, hugombana na kocha wake. Kwa hiyo jina kwenye rekodi lisome pamoja na tarehe yake. "Alimpiga Joe Louis" ni sentensi ambayo haijakamilika mpaka useme mwaka.

Kilele nakiwekea mipaka, kisizidi miaka 4 mfululizo, maana mtu akiruhusiwa kuchukua siku nzuri za bondia kutoka miaka 15, hata bondia wa kawaida atatoka malaika. Vipindi vyangu: Louis 1938 hadi 1941. Marciano 1952 hadi 1954. Ali Februari 1964 hadi Machi 1967. Foreman Januari 1973 hadi Machi 1974. Holmes 1978 hadi 1982. Tyson Novemba 1986 hadi Juni 1988. Lewis 1997 hadi 2000. Usyk 2021 hadi 2025. Anayetaka kusogeza mwaka aseme kwa nini.

#2 Chalii_Ngarenaro
Tyson. Sekunde 91 tu, Michael Spinks chini. Uzi ufungwe.

#3 Kona_Nyekundu
Chalii, tuliza boli. Tuanze na huyo huyo Tyson, maana watu wanamsifia mkono wakati siri yake ilikuwa kichwa na miguu.

Tyson alikuwa na urefu wa sm 178 hivi, na mikono iliyonyooshwa ncha hadi ncha sm 180. Kwa uzito wa juu huo ni mkono mfupi. Ili ampige mtu wa sm 190 ilibidi apite kwenye jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, na kupita kwenye jabu ndiko alikofundishwa na Cus D'Amato tangu utotoni. Glavu zote mbili zinakaa mashavuni, kiwiko kinaziba mbavu, kichwa hakikai sehemu moja kwa sekunde mbili. Akikwepa jabu kwa nje, mguu wake unakuwa umeshatua pembeni ya mpinzani, si mbele yake. Kutoka hapo anapiga ngumi ya kulia mbavuni, mpinzani anashusha kiwiko, na mkono ule ule wa kulia unapanda kidevuni kama apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda juu. Ngumi mbili za mkono mmoja mfululizo. Bondia wa kawaida hategemei hilo, anategemea baada ya kulia ije kushoto.

Kila ngumi ilikuwa na namba, na kocha wake Kevin Rooney alikuwa akizitaja kutoka kwenye kona. Ndiyo maana ule ulikuwa mtambo wa watu wawili. D'Amato alifariki Novemba 1985, Rooney akafukuzwa mwishoni mwa 1988. Tyson aliyebaki alikuwa na nguvu zile zile, ila anaenda mbele moja kwa moja na anarusha ngumi moja moja.

Hata ndani ya kilele chake, dawa ilikuwa inaonekana. Kabla ya mkanda, James Tillis na Mitch Green walimaliza naye raundi 10 mwaka 1986. Bonecrusher Smith alimkumbatia raundi 12 nzima Machi 1987, pambano baya kulitazama lakini lina somo. Tony Tucker naye alifika 12 mwezi Agosti. Aliyefunga mikono ya Tyson baada ya ngumi ya kwanza alifika mwisho. Kufika mwisho si kushinda, sawa, lakini tusiseme hakuna aliyebaki amesimama.

#4 Chalii_Ngarenaro
Kaka umeeleza vizuri lakini naona unapeleka maji Tokyo, kule Tyson alikopigwa na Buster Douglas. Wa Tokyo hakuwa Tyson wa kilele, umesema mwenyewe.

#5 Kona_Nyekundu
Hakuwa wa kilele, lakini Tokyo lazima iangaliwe kwa karibu kwa sababu inaonyesha mtambo unafia wapi.

Tarehe 11 Februari 1990. Douglas ana mikono ya sm 211, yaani anamzidi Tyson kama sm 30. Anamzidi na uzito pia, kilo 105 kwa 100. Kamari ilikuwa 42 kwa 1. Angalia raundi ya kwanza tu. Jabu inatoka, Tyson hakwepi, kichwa kiko katikati. Kulia kwa Douglas kunafuata njia ile ile. Tyson akiingia, Douglas anamkumbatia au anarudi hatua na kumwekea apakati. Jabu, kulia, kumbatia, rudia. Hakuna uchawi pale.

Jicho la kushoto la Tyson likaanza kufunga. Kazi ya kona hapo ni chuma baridi, kile kipande kinachokaa kwenye barafu na kukandamizwa juu ya uvimbe ili damu isijae. Kona ya Tyson haikuwa nacho! Bingwa wa dunia asiyepingwa, na watu wake wanamkanda kwa glavu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu. Glavu haikandamizi, inateleza tu. Jicho likifunga upande wa kushoto, ngumi ya kulia ya mpinzani huioni inapoanza safari.

Raundi ya 8 mwishoni Tyson alimwangusha kwa apakati ya kulia, Douglas akanyanyuka refa akiwa kwenye 9. Raundi ya 10 apakati ikamnyanyua Tyson kichwa, zikafuata ngumi nyingine za haraka, akaonekana anapapasa sakafuni kutafuta kinga ya meno.

#6 DadaRefa
Kwenye ile 9 watu wa Tyson bado wanalia mpaka leo kwamba Douglas alikaa chini zaidi ya sekunde 10. Kanuni ni kwamba bondia anafuata hesabu ya refa, si saa ya mtazamaji. Refa akichelewa kuichukua hesabu kutoka kwa mtunza muda, kosa ni la refa, si la aliye chini. Douglas alikuwa anamsikiliza refa na akanyanyuka kwa hesabu aliyopewa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kadi za majaji baada ya raundi 9. Mmoja aliandika 88-82 kwa Douglas. Wa pili 86-86. Wa tatu alimpa Tyson 87-86. Mtu amepigwa usiku kucha na jaji mmoja ana Tyson mbele. Kumbukeni hilo mnapobishana mapambano ya zamani kwa kutumia matokeo ya pointi peke yake.

Na kwa kuwa tunalinganisha enzi, msisahau sheria zilikuwa tofauti. Dempsey alimwangusha Willard mara 7 raundi ya kwanza mwaka 1919 akiwa amesimama pembeni yake, anasubiri goti linyanyuke apige tena. Leo unapelekwa kona ya mbali kwanza. Dempsey huyo huyo mwaka 1927 alichelewa kwenda kona, na Tunney akapata kama sekunde 14 za kupumua. Mapambano ya ubingwa yalikuwa raundi 15 hadi miaka ya 1980. Yalianza kupunguzwa hadi 12 baada ya kifo cha Duk Koo Kim, Novemba 1982. Joe Louis mwaka 1941 alikuwa nyuma ya Billy Conn kwa majaji wawili na sawa kwa wa tatu baada ya raundi 12. Kwa sheria ya leo Conn ni bingwa. Kwa sheria ya siku ile alilala raundi ya 13, zikiwa zimebaki sekunde 2.

Kwa hiyo ukimpeleka Louis kwenye pambano la kufikirika, sema kwanza ni raundi ngapi.

#7 Mangi_wa_Pasua
Dada umegusa penyewe. Marciano pia, Septemba 1952, Walcott alikuwa mbele kwa majaji wote watatu, akazimwa raundi ya 13. Watu hawa walijenga pumzi ya raundi 15 na walipanga pambano lao hivyo. Kuwakata raundi 3 ni kuwakata mguu.

Nirudi kwa Ali kwa sababu najua Kengele anamwandalia kiti cha enzi. Ali alikuwa na ufa mmoja na ufa huo haukuzibwa kamwe. Alikwepa kwa kuegemea nyuma, mikono iko kiunoni. Dhidi ya jabu na ngumi ya kulia ya moja kwa moja inafaa, maana zinakuja kwa mstari na kichwa kinatoka kwenye mstari. Dhidi ya huki ya kushoto haifai, inakuja kwa duara na inakukuta huko huko ulikokimbilia. Sonny Banks alimwangusha mwaka 1962. Henry Cooper London mwaka 1963, raundi ya 4. Frazier mwaka 1971, raundi ya 15. Zote huki ya kushoto. Ukiacha ile ya Wepner ya 1975, ambayo Ali alidai alikanyagwa mguu, kila aliyemwangusha Ali alimwangusha kwa ngumi ya aina moja.

Sasa niambieni, nani alikuwa na huki ya kushoto kama ya Tyson wa 1988?

#8 Chalii_Ngarenaro
MANGI NAKUNUNULIA MTORI.

#9 Kengele_ya_Kaloleni
Mangi, hoja nzito. Lakini angalia tarehe za mifano yako. Banks na Cooper ni kabla ya kilele, Ali alikuwa na miaka 20 na 21. Frazier ni baada ya Ali kufungiwa kwa kukataa jeshi. Kati ya Machi 1967 na Oktoba 1970 hakupigana kabisa, na miguu aliyorudi nayo haikuwa ile. Ndani ya dirisha nililoliweka, mapambano 10 kuanzia Liston hadi Folley, hajaangushwa hata mara moja. Na Cooper yule yule alirudishwa ulingoni mwaka 1966, akatoka na jicho limechanika raundi ya 6.

Ali wa 1966 alikuwa kilo 96, sm 191, anazunguka kushoto na kulia kwa raundi zote bila kutua kisigino. Tyson anahitaji mpinzani asimame nusu sekunde. Spinks alisimama. Berbick alisimama. Ali hasimami. Na akikaribiwa ana mkono wa kushoto nyuma ya shingo, anakivuta kichwa chini, refa anakuja kuachanisha, saa inakwenda. Alimfanyia hivyo Frazier Januari 1974 pambano zima.

Utabiri wangu ni hatari kubwa kwa Ali raundi 4 za kwanza, kisha Tyson anaanza kufuata badala ya kukata ulingo. Kama ni raundi 15 naweka Ali kwa kusimamishwa kwa Tyson kuanzia ya 10. Kama ni 12, Ali kwa pointi, na sitashangaa kama ataangushwa mara moja.

#10 DadaRefa
Kengele, kwa haki, pambano ambalo watu hulitumia kuonyesha Ali wa kilele ni la Cleveland Williams, Novemba 1966, Houston. Ni pambano zuri sana kwa macho. Lakini Williams alipigwa risasi na polisi mwaka 1964, akapoteza figo moja, na risasi ikabaki mwilini. Kama tunampunguzia Marciano kwa kuwapiga wazee, tumpunguzie Ali kwa Williams.

#11 Kengele_ya_Kaloleni
Nakubali. Ushahidi wangu basi uwe Liston 1964. Huyo alikuwa amemzima Patterson raundi ya kwanza mara mbili, mikono sm 213, na aliketi kwenye kiti baada ya raundi ya 6 akakataa kutoka.

#12 Sakina_Juu
Naona mnasahau jambo ambalo sisi wa huku juu tunalijua kuliko watu wa Pwani: hewa.

Lennox Lewis alipigwa na Hasim Rahman tarehe 22 Aprili 2001 pale Brakpan, karibu na Johannesburg. Mahali pale ni mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama 1,400. Kwa mita 1,600 kila pumzi inakupa oksijeni pungufu ya pwani kwa karibu asilimia 17. Mwanariadha akija kupiga kambi Arusha hapewi mazoezi makali siku za mwanzo. Mwili unahitaji wiki 2 hadi 3 uanze kukaa sawa. Rahman alifika mapema. Lewis alifika zimebaki siku chache, na akapanda ulingoni na kilo 115.

Tazama raundi ya 4 na ya 5, mdomo wa Lewis uko wazi. Mdomo ukiwa wazi taya halijafungwa kwenye kinga ya meno, na ngumi ya taya inapita moja kwa moja kichwani. Ngumi ya Rahman ilikuwa nzuri lakini mazingira yaliiongezea uzito. Novemba mwaka ule ule Las Vegas, Lewis alishuka hadi karibu kilo 112 akammaliza raundi ya 4.

Sasa hili ni kosa la Lewis, si bahati mbaya. Bingwa anayedharau mwinuko amejiangusha. Katika heshima mkate alama, ila katika kilele msichukue siku ile kama kipimo cha uwezo wake.

#13 Mangi_wa_Pasua
Hapo Sakina umenipa njia ya kusema ninachokiamini kuhusu heshima ya kudumu. Mimi naitafuta kwenye pambano la marudiano. Rekodi ya kushinda unaweza kupangiwa na promota. Kurudi kwa mtu aliyekulaza, ukijua anajua siri yako, hakuna anayekupangia.

Mfano mkubwa ni Louis. Juni 1936 Max Schmeling alitazama filamu za Louis akaona kitu kidogo: akirusha jabu, mkono wa kushoto haurudi usawa wa kidevu, unashuka kwanza. Kwa muda huo mfupi njia ya ngumi ya kulia iko wazi. Schmeling alipiga kulia juu ya jabu, akamwangusha raundi ya 4, akaendelea na ngumi ile ile hadi raundi ya 12. Juni 1938 wakarudiana Yankee Stadium. Louis alikuja mkono wa kushoto unarudi ulikotoka, hakumpa Schmeling nafasi ya kusimama na kupima, akamwangusha mara 3, sekunde 124 pambano limekwisha. Hapo hujaona nguvu tu. Umeona bondia aliyepeleka kosa lake gereji.

Pimeni wengine kwa mzani huo. Ali alirudi kwa Frazier, kwa Norton, kwa Leon Spinks mwaka 1978, akashinda kote, ingawa Norton wa tatu mwaka 1976 mimi nilimpa Norton kwa raundi moja. Lewis alirudi kwa McCall na Rahman, akamaliza ngwe. Holyfield alirudi kwa Bowe mwaka 1993 akachukua mikanda yake. Wladimir Klitschko alirudi kwa Brewster mwaka 2007, lakini Corrie Sanders aliyemwangusha mwaka 2003 aliachiwa kaka mtu, Vitali. Tyson kwa Douglas hakurudi, na kwa Holyfield mwaka 1997 alirudi na meno, akamng'ata sikio.

Ongezeeni muda. Louis mkanda kuanzia 1937 hadi 1949, akautetea mara 25. Uzito wa juu hakuna aliyefika hapo.

#14 Chalii_Ngarenaro
Sawa, Tyson mmemnyonga. Na Marciano je? 49 kwa 0. Hana wa kurudi kwake kwa sababu hakuna aliyemlaza. Mzani wa Mangi unamwadhibu kwa kutopigwa!

#15 Mangi_wa_Pasua
Hilo swali zuri, chalii. Marciano anapata alama kwa upande wa pili: aliwapa marudiano waliomsumbua. Walcott alirudi Mei 1953 akadumu raundi moja. Ezzard Charles alipewa mara 2 ndani ya 1954, na ile ya pili pua ya Marciano ilipasuka vibaya hadi kona yake ikahofia pambano kusimamishwa. Akamzima raundi ya 8. Siwezi kumnyima mtu wa namna hiyo.

#16 DadaRefa
Lakini chujio liwe moja kwa wote. Marciano alimpiga Louis Oktoba 1951, Louis ana miaka 37. Walcott alikuwa na miaka 38, Archie Moore 38. Holmes alimpiga Ali Oktoba 1980, Ali ana 38 na hakuchukua raundi hata moja kati ya 10. Lewis alimpiga Tyson Juni 2002, Tyson ana siku chache afike 36. Mashabiki wa Lewis wanahesabu ya Lewis na kufuta ya Marciano. Aidha zote tatu ni nusu alama, au zote ni sifuri. Mimi natoa nusu, kwa sababu mzee naye ana ngumi. Moore alimwangusha Marciano raundi ya 2.

Halafu uzito. Marciano alipigana na kilo 84 hadi 85, mikono sm 173 hivi. Leo kikomo cha daraja la chini ya uzito wa juu ni kilo 90.7. Dempsey, Marciano na Louis kwenye siku zake nyingi wangepigana huko, si na jitu kama Tyson Fury. Hii si dharau kwao, ni mizani tu.

#17 Msomaji_Kimya
Habari wakuu, nimefuata uzi kimya kimya. Mtu anayeanza atazame vipi mapambano haya ya zamani ili aone mnayoyaona? Mimi naona watu wanapigana tu.

#18 Kona_Nyekundu
Karibu. Kwanza achana na vipande vya dakika 3 vya kwenye simu. Vile vimekatwa ili kila ngumi ionekane imetua. Tafuta pambano zima.

Zima sauti. Mtangazaji anakufundisha cha kuona, na akimpenda mmoja, ngumi zilizogonga glavu zinageuka za kidevuni. Raundi ya kwanza usitazame mikono kabisa, tazama miguu ya mbele ya wote wawili na ujiulize nani anarudi nyuma. Raundi ya pili tazama kinachofuata baada ya jabu: je, mkono unarudi ulikotoka? Kuanzia ya 6 tazama mdomo na mabega. Mabega yakipanda na kushuka, pumzi imekata, na hapo ndipo mazoezi ya miezi yanaonekana au hayaonekani.

Andika alama mwenyewe kila raundi inapoisha, kabla ya marudio ya polepole. Aliyeshinda 10, aliyeshindwa 9, aliyeangushwa mara moja kwa kawaida 8. Ila ukifika Ali na Frazier wa 1971, New York wakati ule walihesabu raundi, si pointi: kadi zilikuwa 8-6-1, 9-6 na 11-4, zote kwa Frazier. Usizichanganye na mfumo wa 10.

Filamu za Jack Johnson na Dempsey zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde, zikichezwa kwa kasi ya leo watu wanaruka kama kuku. Punguza kasi hadi 0.75 utaona Johnson anavyokamata misuli ya mkono wa mpinzani kabla ngumi haijaanza. Wengi wanamcheka kwa sababu hawajapunguza kasi.

#19 Sakina_Juu
Kwa anayetaka somo la miguu la siku hizi, atazame Usyk na Fury wa Mei 2024. Usyk ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo miguu ya mbele inagongana. Kanuni ni mguu wako wa mbele ukae nje ya mguu wa mbele wa mwenzako, hapo kushoto kwako kunapata barabara na kulia kwake kunakwenda hewani. Kwa raundi kadhaa za katikati Fury alimnyima nafasi hiyo na kumpiga mbavu. Kuanzia ya 8 Usyk akaupata mguu. Raundi ya 9 kushoto kukamfikisha Fury kwenye kamba, anayumba kona hadi kona, refa akamhesabia.

Kadi: 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Mrudishieni Fury pointi moja ya ile hesabu, mtapata 115-113, 114-114 na 113-115. Sare! Ubingwa wa mikanda yote minne uliamuliwa na ile kuhesabiwa.

Na uzito: Usyk kilo 101, Fury karibu 119. Wale wanaosema Ali wa kilo 96 asingeweza watu wakubwa wa leo, wajibu hili kwanza. Kubwa si kilo, ni nani anaamua umbali.

#20 Mangi_wa_Pasua
Sakina, tofauti ipo. Usyk amejazwa misuli ya kisasa na kambi ya miezi, na kilo 5 si kidogo. Lakini nakubali mlango umefunguka. Kwa wadogo wanaopanda, Usyk na Holyfield wako peke yao: wote walikusanya mikanda yote daraja la chini, wakaikusanya tena juu. Holyfield wakati wa mikanda mitatu, Usyk minne. Usyk amemzidi kwa kitu kimoja, hajapigwa. Holyfield amemzidi kwa wapinzani: Bowe, Foreman, Holmes, Tyson, Lewis.

#21 Chalii_Ngarenaro
Foreman mmemtaja kwa kupita tu. Aliyemwangusha Frazier mara 6 ndani ya raundi 2, Kingston, Januari 1973! Na Norton raundi ya 2 Machi 1974.

#22 Kona_Nyekundu
Foreman wa miezi ile 14 kwa raundi 5 za kwanza simwekei mtu dhamana mbele yake, hata Ali wa 1966. Alikuwa anasukuma mabega ya mpinzani kwa mikono yote miwili, anamkalisha kwenye umbali wake, kisha anapiga. Tatizo ni tanki. Alizoea kumaliza mapema, hakuwa na gia ya pili. Kinshasa mwaka 1974 Ali alianza kwa ngumi za kulia za kuongoza, bila jabu mbele, kitu cha dharau kwa bondia mzoefu, kisha akaegemea kamba na kumwacha amwage mafuta. Raundi ya 8 tanki tupu.

Lakini kwa heshima ya kudumu Foreman ana karata ambayo hakuna mwingine anayo. Novemba 1994, umri 45, nyuma kwa pointi, akamlaza Michael Moorer raundi ya 10. Na kwenye kona yake alikuwepo Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kona ya Ali Kinshasa.

#23 Kengele_ya_Kaloleni
Haya, naandika orodha zangu mbili, mpige mawe.

Kilele, raundi 12, sheria za leo: Ali, Lewis, Foreman, Tyson, Holmes, Usyk, Louis. Louis nimemshusha kwa kilo tu, na kama ni raundi 15 anapanda hadi wa tatu.

Heshima ya kudumu: Ali na Louis sawa, kisha Holmes aliyetetea mara 19, Lewis, Holyfield, Marciano, Foreman, Usyk ambaye bado hajafunga vitabu, Johnson, Frazier. Tyson nje ya kumi.

Na msiniambie umaarufu. Februari 1980 Ali alitumwa Dar es Salaam na Rais Carter kuomba tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere hakumpokea. Mkanda ulingoni ni kitu kimoja, ujumbe wa serikali ni kingine.

#24 Chalii_Ngarenaro
Tyson nje ya kumi?? Kengele, kesho usipite Ngarenaro.

#25 DadaRefa
Holmes alitetea mara 20, si 19. Rekebisha. Na Frazier nyuma ya Johnson siafiki, kwa sababu ya kumpiga Ali Machi 1971 peke yake.